Moto wa Kilimanjaro: tulipata chanzo, sababu tukaiacha mlimani

Usiku wa pili wa moto wa Oktoba 2020 nilikuwa Moshi, juu ya paa la nyumba ya ndugu yangu mtaa wa Soweto, mimi na mama mdogo na watoto wawili waliokataa kulala. Kwa kawaida saa tatu usiku mlima haupo. Unajua upo kwa sababu tu nyota za upande ule hazionekani. Usiku ule ulikuwepo. Mstari mwembamba mwekundu ulikuwa umelala ubavuni, chini ya Mawenzi, kama kitu kinachopumua: unafifia, unakolea, unasogea kidogo. Mtoto mmoja akauliza kama ni volkano. Mama mdogo, ambaye kwao ni Kilema na amekula ndizi za kihamba kilekile, shamba la ukoo, miaka sitini, alitazama kimya kitambo, kisha akasema, "Mfongo utakauka." Mfongo ni mfereji wa kupeleka maji mashambani.

Wakati huohuo simu yangu ilikuwa inatetemeka mfukoni. Kundi la WhatsApp la ukoo lilikuwa limeshamaliza uchunguzi. Ni wapagazi. Hapana, ni warina asali. Ni mtu katumwa, si mnaona uchaguzi umebaki wiki mbili na kampeni zimepamba moto? Ni Wakenya (huu ulikuwa utani, ingawa aliyeandika hakuweka alama ya kucheka). Mmoja alituma picha ya mlima unaowaka na ndege ya njano ikiumwagia maji, ndege ambayo nchi hii haina, na picha ikashangiliwa na kusambazwa kabla mtu hajauliza imetoka wapi. Watu arobaini na kitu, wengi wao wamezaliwa na kulelewa kwenye miteremko ya mlima ule, na hakuna hata mmoja aliyetaja maji.

Moto ule ulianza Jumapili tarehe 11 Oktoba, eneo la Whona, pale wapandaji wa njia ya Marangu wanapopumzika kati ya vituo vya kulala vya Mandara na Horombo. Hazikupita siku nyingi TANAPA, Shirika la Hifadhi za Taifa, ikasema kwamba, kwa taarifa za awali, moto uliwashwa na wapagazi waliokuwa wakipasha chakula cha wageni. Nyasi zilikuwa kavu, upepo ulikuwa mkali, ukawashinda. Watu wapatao 500 walipanda kuuzima: askari wa hifadhi, zimamoto, wanafunzi wa chuo cha wanyamapori cha Mweka, wanavijiji, na wapagazi wenyewe. Moto wa aina hii haufikiwi na gari lenye mpira wa maji. Unapigwa kwa matawi mabichi, unafyekewa njia kwa panga na majembe, unasubiriwa upande wa pili ukiwa na koo lililojaa moshi kwenye hewa ambayo tayari ni nyepesi. Hesabu ilipokuja kupigwa, zilikuwa zimeungua kilomita za mraba 95.5, zaidi ya sehemu moja ya ishirini ya hifadhi nzima.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: TANAPA walisema "taarifa za awali". Sisi ndio tuliolifuta neno "awali". Kufikia mwisho wa wiki kila mtu alikuwa anajua kwamba mlima umeunguzwa na wapagazi, na watu wakaanza kujadili adhabu.

Nadhani neno letu lenyewe linatuponza. Zimamoto wakifika mahali husema "chanzo cha moto bado hakijafahamika", na siku kikifahamika, jalada linafungwa. Soko likiungua chanzo ni hitilafu ya umeme. Bweni likiungua, hitilafu ya umeme. Tumelizoea jibu hili hadi limekuwa kichekesho. Lakini chanzo ni mahali kitu kilipoanzia tu. Chanzo cha mto ni kijichemchemi unachoweza kukiruka bila kukunja suruali. Hakuna mwenye akili zake anayesimama kule Pangani mjini, mto umejaa ukingo hadi ukingo unaingia baharini, akasema maji yote haya yameletwa na chemchemi ile. Anajua kuna mvua, kuna miteremko, kuna vijito mia moja vilivyoungana njiani. Kwa mto tunaelewa hivyo bila kufundishwa. Kwa moto tunakubali kuambiwa kwamba kilomita 95 za mraba zimetoka kwenye jiko moja, na tunaridhika, tunalala.

Sisemi mpagazi hakuwasha. Huenda aliwasha. Kwenye mlima huu mioto mingi huanzia mikononi mwa watu, na radi ikipiga mara nyingi hupiga na mvua yake. Nasema kwamba "nani aliwasha" ni swali dogo kuliko linavyoonekana, na linapendwa kwa sababu jibu lake siku zote ni mtu asiye na msemaji.

Mwaka uliofuata nilikaa na kaka mmoja wa Marangu aliyekuwa amebeba mizigo mlimani tangu 2009. Wenyewe hujiita wagumu, na ukimwona shingo utaelewa. Nilitaka anieleze jambo moja tu: kwa nini mtu awashe moto mahali kama Whona, mwezi wa kumi, wakati anajua kuni ni marufuku hifadhini na nyasi zimekauka hadi zinalia ukizikanyaga? Hakukasirika. Alichukua kijiko akaanza kunichorea mezani. Hapa Mandara, mita 2,720. Hapa Horombo, mita 3,720. Mgeni anatoka hapa asubuhi, anafika hapa alasiri, katikati lazima ale. Zamani alipewa lanchi boksi: mkate, yai, ndizi, kipande cha kuku kilichoganda. Siku hizi kampuni zinashindana, na kwenye matangazo zinaahidi chakula cha moto hata mchana. Kwa hiyo jiko linatoka kwenye mzigo, mtungi unatoka, sufuria inatoka, yote katikati ya njia, kwenye upepo, halafu yanarudi ndani upesi kwa sababu mgumu anatakiwa kumpita mgeni na kufika Horombo kabla yake, kitanda na maji ya kunawa viwe tayari. Mzigo una kikomo cha kilo 20 na unapimwa. Gesi nayo ni uzito. Ikiisha siku ya tatu, imeisha.

"Mgeni haulizi moto umewashwa wapi," aliniambia. "Anauliza supu iko wapi. Na tipu inategemea supu."

Sijui kama hivyo ndivyo ilivyokuwa siku ile ya Oktoba, naye hakuwepo. Lakini dakika ishirini za kijiko kile mezani zilinipa zaidi ya wiki nzima ya mitandao. Nyuma ya mkono unaowasha kuna ratiba, kuna ushindani wa bei, kuna mzani wa getini, kuna mtu anayelipa dola maelfu na mwingine anayelipwa kwa siku pesa ambazo mgeni angenunulia bia chache. Ukimfunga mwenye mkono, ratiba inabaki. Atakuja mgumu mwingine, na supu itatakiwa saa ileile.

Wachaga wana hadithi ya zamani kuhusu vilele viwili vya mlima huu. Kibo na Mawenzi walikuwa majirani. Moto wa Mawenzi ulizimika, akaenda kwa Kibo kuomba kaa. Kibo alikuwa anatwanga ndizi kavu; akampa moto, akampa na ndizi. Ndizi zilikuwa tamu, Mawenzi akauzima moto makusudi ili apate sababu ya kurudi. Akarudi tena, na tena. Mara ya tatu Kibo akachukua mchi akamtwanga nao kichwani, ndiyo maana hadi leo Mawenzi amechongoka chongochongo. Bibi zetu walituchekesha nayo. Ukiifikiria vizuri ni hadithi ya mtu aliyekuwa anaomba moto huku njaa yake iko kwingine.

Turudi kwenye moto wenyewe, kwa sababu cheche bila kuni ni cheche tu. Juu ya msitu mnene, kuanzia kama mita 3,000, kuna ukanda wa miti ya erika: mti wenye majani madogo kama sindano, uliopindapinda, matawi yamefunikwa na nyuzinyuzi za kijivu zinazoning'inia. Mgeni anaupita akidhani ni kichaka. Kazi yake haionekani hadi siku ya ukungu. Mawingu yakipita kwenye matawi yale, majani na nyuzi zinayakamata, matone yanaungana, yanadondoka, udongo unanyonya. Hakuna mvua iliyonyesha, lakini chini ya mti pameloa. Maji hayo ndiyo yanayoteremka taratibu, siku za kiangazi, hadi kwenye vijito, kwenye mifongo ambayo mababu waliichimba kufuata ubavu wa mlima, kwenye migomba na kahawa, kisha bwawa la Nyumba ya Mungu, kisha mitambo ya umeme ya Hale na Pangani. Ndicho mama mdogo alichokuwa anakisema juu ya paa, kwa maneno mawili.

Erika hiyohiyo huwaka upesi, hata majani yakiwa mabichi. Katikati ya Oktoba, kiangazi kimeshadumu miezi na vuli haijafika, ukanda ule unakuwa kama mkaa uliopangwa tayari.

Andreas Hemp, mtaalamu wa mimea kutoka Ujerumani ambaye ameupima mlima huu kwa miongo kadhaa, alichapisha mwaka 2005 jambo ambalo lingetakiwa kufundishwa kila shule ya sekondari ya mkoa ule. Tumezoea kuambiwa kwamba dunia ikipata joto, mimea hupanda juu kutafuta baridi. Kilimanjaro imefanya kinyume. Mpaka wa juu wa msitu umeshuka kwa mamia ya mita, kwa sababu hali ya hewa imekuwa kavu zaidi kuliko ilivyokuwa karne iliyopita na mioto imekuwa ya mara kwa mara na mikali zaidi. Hemp aliandika wazi kwamba madhara ya jambo hili ni makubwa kuliko yale ya kuyeyuka kwa barafu. Lakini barafu ya Kibo, ambayo imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu 1912, ndiyo inayopigwa picha, ndiyo inayoletewa waandishi wa habari kutoka Ulaya. Erika haina picha nzuri. Inaungua, inaota tena nusu, inaungua tena kabla haijawa mti, na kinachobaki ni majani na vichaka ambavyo navyo vinangoja Oktoba nyingine.

Hapo ndipo penye sababu ya kilomita 95.5. Mpagazi wa mwaka 1920 angeweza kudondosha kaa lilelile, Whona palepale, na huenda lingejifia kwenye ukungu.

Kuna kundi lililokataa maelezo ya mpagazi tangu mwanzo, na mimi nilidhani kwa muda kwamba hao ndio wenye akili. "Haiwezekani mlima mzima uungue kwa jiko la mpagazi!" Nikatikisa kichwa kukubali. Kisha nikasoma walichoendelea kuandika. Hawakutaka kwenda kwenye ukame, wala kwenye erika. Walitaka mkono mkubwa zaidi: mtu wa siasa, tajiri anayetaka eneo, nchi jirani. Nikagundua kwamba kundi hili na lile la kwanza ni mapacha. Wote wawili wanatafuta mkono, wanabishana tu juu ya ukubwa wake.

Ugonjwa huu si wetu peke yetu. Tarehe 8 Agosti 2023 mji wa Lahaina, kwenye kisiwa cha Maui huko Hawaii, uliteketea, watu 102 wakafa. Kabla majivu hayajapoa, video zilikuwa zimeshafika hadi kwenye simu zetu: ni silaha ya miale kutoka angani, tazama, mwavuli wa rangi ya buluu haukuungua. Uchunguzi uliotolewa mwaka uliofuata ulieleza jambo la kawaida hadi linaudhi. Upepo mkali ulikata nyaya za umeme, umeme uliporudishwa nyaya zikawasha majani asubuhi, zimamoto wakauzima wakaamini umekufa, mchana ukafufuka na upepo ukaubeba hadi mjini. Na majani yenyewe? Hapa ndipo nilipoacha kikombe. Sehemu kubwa ni nyasi ambazo asili yake ni Afrika, zilizopelekwa kule zamani kama malisho ya ng'ombe. Mashamba ya miwa yalipofungwa na kuachwa, nyasi zikachukua ardhi yote, zikawa zinarefuka msimu wa mvua na kukauka kiangazi hadi ukingoni mwa nyumba za watu. Nyasi za kwetu, shamba la mkoloni lililotelekezwa, waya wa kampuni, upepo wa kimbunga kilichopita mbali baharini. Nani utamfunga? Inawezekana kabisa kuwapata wenye kuwajibika, na kweli kampuni ya umeme na wenzake walikubali kulipa fidia ya dola kama bilioni 4. Lakini simulizi hiyo ina mikono minane, haitoshei kwenye video ya sekunde thelathini. Mwale wa leza unatosha.

Los Angeles, Januari 2025, ilikuwa vilevile, na tena wakubwa ndio walioongoza. Donald Trump, siku chache kabla ya kuapishwa, aliwaambia watu kwamba gavana wa California amezuia maji kwa ajili ya kulinda kisamaki. Watu wakabishana juu ya samaki huku mtaa wa Altadena ukiendelea kuungua. Miezi tisa baadaye waendesha mashtaka walimshtaki mtu mmoja kwamba moto wa Palisades, mmoja wa mioto ile, ulitokana na moto mdogo aliouwasha siku ya Mwaka Mpya, uliodhaniwa umezimwa ukawa unaungulia mizizini kwa wiki nzima hadi upepo ulipoufukua. Kuamua kama ni kweli ni kazi ya mahakama. Lakini hata ikiwa kweli, hiyo wiki nzima ya mizizi kuungulia chini ya ardhi ni ya nani?

Nimeutunza mfano wa Australia kwa ajili ya wale wanaopenda takwimu. Kiangazi chao cha 2019 na 2020, mioto ikila misitu ya mashariki, ilienea habari kwamba watu 183 wamekamatwa kwa kuchoma misitu. Idadi ilizunguka dunia; nilitumiwa hata mimi, na mtu aliyenitumia aliongeza, "mnaona sasa hayo mambo ya tabianchi ni uongo." Namba 183 ilikuwa ya kweli. Polisi wa New South Wales ndio walioitoa. Ila ilikuwa idadi ya wote waliochukuliwa hatua za kisheria kuhusu moto tangu Novemba: 47 kati yao kwa kutupa sigara au kiberiti kinachowaka, 53 kwa kuvunja amri ya kutowasha moto, kama mtu aliyechoma nyama uani kwake. Walioshtakiwa kwa kuwasha moto wa msitu makusudi walikuwa 24. Uongo wa kutunga ungekuwa rahisi kuukana. Huu ulikuwa ukweli uliovalishwa nguo ya mwingine.

Na kuna Algeria, ambayo nikiikumbuka hunikausha mdomo. Agosti 2021 milima ya Kabylie iliungua, watu wasiopungua 90 walikufa, wakiwemo wanajeshi waliokwenda kuokoa. Serikali ilitangaza mapema kabisa kwamba mioto imewashwa na wahalifu. Kijana mmoja msanii, kutoka mji mwingine, alisafiri kwenda kusaidia kuzima. Hakuwa mwenyeji, hakuna aliyemtambua, mtu akanyoosha kidole. Umati ulimtoa kwenye gari la polisi alimokimbilia, ukamuua, ukauchoma mwili wake, simu zikirekodi. Mwaka uliofuata mahakama iliwahukumu kifo watu 49 kwa mauaji yale. Walitoka sehemu ambako nyumba na mizeituni ilikuwa imeungua wiki ileile. Huenda wengi hawakuwa majambazi, bali watu waliofiwa, wenye hasira ya haki, waliopewa swali moja tu la kujibu, na jibu likapita mbele yao likitembea.

Usiniambie kwetu hayawezi. Sisi ni watu ambao tumewahi kumchoma mtu kwa tairi kwa ajili ya kuku.

Tarehe 21 Oktoba 2022, miaka miwili na siku kumi baada ya Whona, moto mwingine ukaanza karibu na kambi ya Karanga, karibu mita 4,000, upande wa kusini. Safari hii tuliuona mubashara, maana miezi miwili tu kabla intaneti ya kasi ilikuwa imezinduliwa pale Horombo kwa mbwembwe. Safari hii pia mpagazi alipumzika kidogo. Lawama ziliwageukia wawindaji haramu na warina asali.

Mrina asali ni mtuhumiwa mzuri sana. Anatembea na kijinga cha moto, hilo hakatai, nyuki huwezi kuwaondoa kwa maneno matamu. Anaingia msituni usiku. Hana kitambulisho cha kampuni. Lakini muulize kwa nini anaingia usiku, na hapo utatakiwa kurudi nyuma hadi 1941, wakati wakoloni Waingereza walipotenga kipande cha msitu chenye upana wa nusu maili kwenye ukingo wa chini wa msitu kwa ajili ya wananchi: kuni, majani ya mifugo, miti ya kujengea. Hadi leo watu wa kule husema "nusu maili" kama jina la mahali, kama mtu anavyosema sokoni. Usimamizi wake umebadilika mkono mara kadhaa, kati ya halmashauri na serikali kuu, na mwaka 2005 mipaka ya hifadhi ikapanuliwa, msitu wote ukaingia hifadhini na nusu maili ikiwemo. Kwenye ramani ulikuwa uamuzi wenye mantiki, msitu ulikuwa unaliwa na misumeno. Lakini kwa mama anayetafuta majani ya ng'ombe wake wa zizini, siku moja mlango wa stoo yake ulibadilishwa kitasa. Malalamiko ya wanawake kukimbizwa na kunyang'anywa mizigo si siri kwa yeyote aliyelala Rombo hata usiku mmoja.

Sasa mtu huyu ambaye ameambiwa msitu si wake, moto ukitokea, anaitwa kwa kipaza sauti cha msikitini na kengele ya kanisa apande kuuzima. Na anapanda! Hilo ndilo linalonishangaza kila mara. Anapanda na panga lake na viatu vya matairi, bila kinyago wala posho ya kueleweka, halafu akishuka na macho mekundu anakuta redio inasema uchunguzi unawalenga wananchi wa vijiji vinavyopakana na hifadhi. Ukimya wake wa baadaye tunauita ushirikiano hafifu. Moto mdogo unaonwa kwanza na mtu wa kijijini, ambaye pengine anamjua hata aliyeuwasha. Kama kutoa taarifa ni sawa na kujipeleka kuhojiwa, atauangalia kidogo aone kama utazimika wenyewe, na saa mbili hizo ndizo zinazotenganisha eka moja na kilomita za mraba.

Najua kuna watakaosema ninawatetea wahalifu kwa kuficha mkono wa mtu nyuma ya tabianchi. Nina tatizo na neno hilo pia, linavyotumika. Kwa midomo ya wakubwa wengi "mabadiliko ya tabianchi" limekuwa kama zamani tulivyosema "mapenzi ya Mungu": jambo kubwa, la kusikitisha, ambalo halina ofisi wala simu. Mpagazi analaumiwa yeye peke yake, tabianchi inalaumiwa bila mtu yeyote, na kwa njia zote mbili hakuna bajeti inayoulizwa. Ukavu wa Oktoba hatuwezi kuuzuia kutoka Moshi. Lakini Oktoba haiji kwa kushtukiza. Kalenda inajulikana. Mahali wageni wanapokula panajulikana kwa majina: Whona, Karanga. Sehemu ya kupikia iliyojengewa ukuta wa mawe na kufyekwa pande zote haihitaji mkutano wa kimataifa.

Kelele moja ya mitandaoni ya 2020 ilikuwa karibu na ukweli: "Helikopta iko wapi?" Watu waliikejeli serikali kwa hilo, na wengine wakaitetea kwa sababu tu wakejeli walikuwa wa chama kingine. Swali lenyewe lilikuwa zuri, na jibu lake si jepesi; kwenye hewa nyembamba ya mita karibu 4,000 helikopta hupoteza nguvu ya kubeba, na ndoo ya maji ni mzigo. Yalihitajika mabishano ya watu wanaojua: vifaa gani, vikae wapi, nani alipe, na pesa za viingilio vya mlima unaoingiza kuliko karibu hifadhi zote zinarudi kiasi gani kuulinda. Mabishano hayo yalidumu siku mbili. Kisha jina la mpagazi likatajwa, kila mtu akahamia huko, na zilipofika siku za uchaguzi hata yeye alikuwa amesahauliwa.

Oktoba 2022 mama mdogo alikuwa kwangu Dar es Salaam, amekuja kutibiwa macho. Jicho moja lilikuwa limefungwa bandeji, kwa hiyo simu yake nilikuwa namsomea mimi. Jumamosi asubuhi ilikuwa imejaa. Nikaanza kusoma: ni warina asali. Ni majangili wa upande wa Umbwe. Safari hii wakamatwe wanyongwe. Kuna mtu amesikia kwamba ni mzungu na sigara yake. Kuna picha, ile ile ya ndege ya njano.

Akanikatisha. "Upepo unaelekea wapi?"

Nikapandisha juu, nikashusha. Ujumbe sitini na nne. Hakuna aliyeandika.